Zeus na wake zake ndani ya kava la njano: kitabu kikuukuu nilichonunua dola 14

Ni kile cha kava la njano lenye jua na farasi, wengine mtakuwa mmeshakiona. D'Aulaires' Book of Greek Myths, Doubleday, kilitoka 1962, hadithi za miungu na mashujaa wa Wagiriki wa kale zilizoandikwa upya kwa ajili ya watoto na kuchorwa na mtu na mkewe, Ingri na Edgar Parin d'Aulaire. Toleo jipya lipo madukani mpaka leo, unalipata bila shida, ila mi nilitaka la zamani, ntaeleza kwa nini, msinione tu mtu wa kupenda mitumba.

Niko Ohio, watoto wawili, wa kiume ana miaka minane na wa kike mitano. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa lazima maana nikilegeza sasa hivi basi imekula kwangu, watakuja kumwamkia bibi yao kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila usiku hadithi, na hadithi zangu za sungura na fisi zilishaisha kitambo, nimezirudia mpaka huyu mkubwa akawa ananisahihisha, "mama jana ulisema fisi alianguka kisimani leo unasema mtoni". Ndo nikaanza kusaka kitabu ambacho ntakisoma kwa macho kwa Kiingereza na kukitoa mdomoni kwa Kiswahili, chenye picha za kumshika mtoto ambaye haelewi kila neno.

Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Tangazo linasema hali nzuri sana, kurasa zote zipo. Kilipofika, jamani. Harufu ya stoo, mgongo umeshikiliwa na selotepu iliyogeuka rangi ya chai, kumbe kilikuwa kitabu cha maktaba, kina mihuri na kile kimfuko cha kadi nyuma bado kimebandikwa. Hayo yote nimeyasamehe. Nisichosamehe ni kwamba katikati ya hadithi ya Theseus kuna karatasi imechanwa, safi kabisa, yaani shujaa Theseus anaingia kwenye lile jumba la vichochoro kumfuata Minotaur, mtu mwenye kichwa cha fahali, unafungua ukurasa, yuko baharini anarudi kwao. Mwanangu akaniangalia. "Mama, amemuua saa ngapi?" Nikamwandikia muuzaji, akarudisha nusu ya hela bila ubishi, sawa, lakini neno "zote" lina maana yake bwana. Mwishowe niliazima toleo jipya maktaba ya hapa mtaani, nikapiga picha zile kurasa mbili kwa simu, nikaprinti, nikabandika kwa gundi ya shule.

Sasa tuje kwenye picha, maana ndo nilizofuata.

Kitabu ni kikubwa, karibu futi moja urefu, ukikifungua mapajani kinawafunika watoto wote wawili. Michoro ina chembechembe fulani kama ukuta uliopakwa chokaa, unaona kabisa mkono wa mtu umepita pale na kalamu ya mafuta. Hawa wawili walijijengea jina kwa litografia, kuchora moja kwa moja juu ya jiwe, kila rangi na jiwe lake, na unachora kinyume kama unavyojiona kwenye kioo ili karatasi ikija kubandikwa juu itoke sawa. Mwaka 1940 walichukua medali ya Caldecott, ile tuzo ya Marekani ya picha za vitabu vya watoto, kwa kitabu chao cha Abraham Lincoln, kwa hiyo walipofika kwa Zeus, mfalme wa miungu ya Wagiriki, hawakuwa wanajaribu. Ingri alikuwa Mnorwe, Edgar alizaliwa Munich, walihamia Marekani. Nadhani ndo maana milima yao ya Ugiriki ina ubaridi fulani, kama imeota mahali penye theluji, lakini hilo ni jicho langu tu.

Kitu kimoja kitakushangaza, picha za rangi na zisizo na rangi zinapokezana. Unafungua kurasa mbili zina rangi, unafungua mbili nyingine ni nyeusi na nyeupe, hivyo hivyo mpaka mwisho. Vitabu vingi vya picha vya enzi hizo vilitengenezwa hivyo kubana gharama, karatasi kubwa inapigwa rangi upande mmoja na wino mweusi tu upande wa pili, ikikunjwa na kukatwa ndo unapata mpokezano huo. Kwa watoto wangu imekuwa raha juu ya raha, maana mtoto fulani aliyekuwa nacho kabla yetu, huenda sasa hivi ni mzee ana wajukuu, alipita na krayoni nyekundu kwenye baadhi ya kurasa nyeupe. Macho ya Argus ameyapaka yote. YOTE. Argus ni yule mlinzi mwenye macho mia moja mwili mzima, na huyo mtoto hakuruka hata moja. Wangu wa miaka mitano akasema huyo dada alikuwa na kazi nzuri (kaamua mwenyewe kwamba alikuwa dada).

Na hadithi ya Argus humu ndo iliyonifanya nicheke peke yangu jikoni. Hera, mke wa Zeus, amemweka amlinde Io, binti aliyegeuzwa ng'ombe, maana anajua mumewe anamtaka. Hermes, mjumbe wa miungu, anatumwa akamtoroshe. Anafanya nini? Anakaa chini anaanza kumpigia Argus stori ndefu isiyo na kichwa wala miguu, macho yanafumba moja moja, stori inaendelea tu, mpaka jamaa anakufa kwa kuchoshwa. Halafu Hera anayachukua macho anayapandikiza kwenye mkia wa tausi. Sasa hivi kwetu hotuba ikizidi, iwe kanisani iwe kwenye harusi, huyu mkubwa ananiinamia sikioni, "mama, mimi Argus".

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea toka Muheza, Tanga, alikaa nasi miezi mitatu, na kusema kweli reviyu hii nusu ni yake. Usiku wa kwanza tulikuwa tunasoma habari za Cronus, baba anayeambiwa kwamba mwanawe mmoja atampindua, basi kila mtoto akizaliwa anammeza mzima mzima. Mwanangu akamkimbilia bibi yake sebuleni.

"Shikamoo bibi, bibi kuna baba anameza watoto wake!"

"Marahaba. Huyo si baba mjukuu wangu, hilo ni zimwi."

Akaja akakaa kitandani, akaweka miwani, akataka kuona picha. Nikaendelea, kwamba mama yao Rhea alichoka, mtoto wa sita akamficha, akamfunga jiwe nguo za kichanga akampa mumewe akameza, na yule aliyefichwa ndo Zeus, akaja kukua, Metis akamsaidia kumlisha baba dawa, akatapika jiwe na watoto wote watano wakiwa wazima na wakubwa. Bibi akapiga makofi. "Si nimewaambia? Zimwi!" Akaanza kuwapa la kwake, lile lililomeza kijiji kizima na ng'ombe na mbuzi, akabaki mama mjamzito peke yake, na mtoto aliyezaliwa ndo akaja kulipasua tumbo watu wakatoka. Nilifunga kitabu nikasikiliza. Saa nne usiku watoto macho makavu.

Kesho yake nilipomtaja Hermes akanikatiza tena. "Hao si wale wa Listra?" Sikumwelewa mpaka alipofungua Biblia yake, Matendo 14, Paulo amemponya kiwete, watu wakapiga kelele kwamba miungu imetushukia, wakamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme kwa sababu ndiye aliyekuwa mnenaji mkuu. Nimesoma mistari hiyo toka sandeskuli na sikuwahi hata siku moja kuunganisha kwamba Zeu ni Zeus! Na Artemi wa Waefeso ndo huyo huyo Artemis mwenye upinde. Kwa hiyo mkisikia watu wanasema haya ni mambo ya Wazungu hayatuhusu, bibi wa Muheza anawajua kwa majina.

Sasa suala ambalo wazazi mtaniuliza, mambo ya Zeus na wanawake mmeyapitaje na watoto? Hapa d'Aulaire wamecheza vizuri sana. Kwao Zeus anaoa. Basi. Ana wake wengi, wengine miungu wengine binadamu, na Hera ndo malkia mwenye wivu. Kwa Kiingereza nadhani inasikika kama wamefunika kombe mwanaharamu apite, lakini ukiitia kwenye Kiswahili inakaa kama imezaliwa humo: mke mkubwa, wake wenza, watoto wa mama mbalimbali wanaogombania baba. Sikuhitaji kueleza chochote. Bibi alisema tu "mke mkubwa hana raha huyo" tukaendelea mbele. Kuna picha ya miungu kumi na wawili wamekaa kwenye viti vyao juu ya mlima wao Olympus, ukitazama ni kikao cha ukoo kabisa, kila mtu amekuja na lake moyoni na hakuna anayetaka kuanza kusema.

Na hawakupunguza vitisho, hapo ndo ninapowapa heshima. Lile dude Typhon lina vichwa mia moja na ni baya kweli. Hades, mungu wa kuzimu, anapomchukua binti Persephone ardhi inapasuka na kundi la nguruwe linatumbukia nalo, nguruwe hawana kosa lolote, na wangu wa miaka mitano alilia kwa ajili ya nguruwe, si kwa ajili ya Persephone. Siku tatu ananiuliza nguruwe walirudi. Hawakurudi, kitabu hakisemi walirudi, na mi sikudanganya.

Kabla sijanunua nilipitia pia vya zamani zaidi ambavyo skani zake ziko bure mtandaoni, maana hakimiliki Marekani zimeshaisha, kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive vimejaa. Mwandishi ni Nathaniel Hawthorne, mwaka 1851 alitoa A Wonder Book na 1853 Tanglewood Tales, halafu wachoraji wakawa wanapokezana kuzichora, Walter Crane 1892, Maxfield Parrish 1910, Edmund Dulac 1918, Virginia Frances Sterrett 1921, Arthur Rackham 1922. Picha ni hatari, Rackham miti yake ina vidole, na huyu Sterrett nimempenda kupita kiasi, alianza kuchorea vitabu akiwa hajafika miaka 20, kifua kikuu kikamchukua 1931 akiwa na miaka 30 tu, mistari yake myembamba kama hina ya bi harusi. Kama hela huna au hutaki kusubiri posta, anzia hapo kabisa.

Shida yangu ni maneno yaliyo chini ya picha. Hawthorne anabembeleza mno. Pandora kamfanya katoto, na hadithi ya Midas, yule mfalme ambaye kila anachogusa kinageuka dhahabu, kaiongezea binti, Marygold, baba anamkumbatia anageuka dhahabu, tunaijua wote hivyo, Crane kaichora picha ya kukaa kichwani miaka, ila huyo binti kwa Ovid, mshairi wa Kirumi wa kale, hayumo kabisa, ni Hawthorne kamzaa 1851! Sisemi ni vibaya, binti ni wazo zuri na linaumiza, nasema tu mjue. Vile vile lile sanduku la Pandora, lile alilolifungua mabaya yote yakatoka duniani. Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa kale, hakusema sanduku, alisema pithos, mtungi ule mkubwa wa kuwekea nafaka au mafuta, ni msomi Erasmus karne ya 16 aliyeuchanganya na kijisanduku kwenye Kilatini na Ulaya nzima ikamfuata. Humu kwa d'Aulaire ni chombo chenye mfuniko, nikakiita mtungi bila kusitasita na bibi akaelewa papo hapo, maana mtungi ukishaambiwa usifunue, kila mtu aliyekulia nyumba yenye mtungi anajua hamu ya kuchungulia ilivyo.

Lawama yangu kubwa haiwahusu d'Aulaire peke yao, ni ya ukoo mzima wa vitabu hivi. Andromeda, yule aliyefungwa kwenye mwamba aliwe na dude la baharini mpaka shujaa Perseus akamwokoa. Binti wa mfalme Cepheus na malkia Cassiopeia, wa wapi? Ethiopia. Imeandikwa. Wagiriki wakisema Ethiopia walimaanisha nchi za watu weusi kusini mwa Misri, na mshairi wao Homer anasema miungu yenyewe ilikuwa inafunga safari kwenda kula karamu kwa Waethiopia, tena Poseidon, mungu wa bahari, naye alikuwa huko huko karamuni. Ovid akaandika waziwazi kwamba Andromeda alikuwa mweusi kwa rangi ya nchi yake na Perseus akampenda hivyo hivyo. Halafu wachoraji, karne na karne, mweupe pee amefungwa kwenye mwamba nywele za kahawia zinapepea. Nilikaa na hilo nikalisema tu wazi, nikawaambia watoto huyu ni jirani yetu, mchoraji kakosea. Wangu mdogo akaenda kuleta karatasi akamchora wa kwake, ana mabutu, kavaa kitenge cha bibi, na mwamba una maua kwa sababu anazozijua yeye. Imebandikwa kwenye friji. Perseus hayupo kwenye picha, nikamuuliza yuko wapi, akasema "anakuja, yuko kwenye foleni".

Kisa cha Achilles, shujaa wa vita vya Troy, nimekisoma bibi amebakiza wiki moja aondoke. Mama anamchovya mtoto kwenye mto Styx, kamshika kisigino, hapo maji hayakufika, hapo ndo pa kufia. Bibi: "Liongo kitovu." Mwanangu: "Nani?" Basi tena. Fumo Liongo, shujaa wa hadithi za Waswahili, asiyepenya mkuki wala mshale, siri yake ni sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Tukazilinganisha usiku ule, kisigino na kitovu, adui na mtoto. Mwanangu aliamua ya Liongo ni mbaya zaidi kwa sababu Achilles hakuuliwa na mtu wa nyumbani. Sina cha kuongeza hapo.

Basi ya kinunuzi. Umri, mi ningesema kuanzia miaka mitano kama unasimulia wewe, minane kuendelea kama anasoma mwenyewe, na Kiingereza chake si kigumu, sentensi fupi, hadithi nyingi ni kurasa mbili tatu unalala. Majina yanachosha mwanzoni, hilo nakubali, sehemu za mwisho zenye wafalme na koo zao nilikuwa naruka, sijutii. Cha zamani au kipya? Kama unataka zawadi isiyonuka, chukua kipya. Mi nilitaka cha zamani kwa sababu nilivyoviweka viwili pembeni, langu na lile la kuazima maktaba, karatasi ya langu haimetimeti, rangi imezama ndani kama ya kanga iliyofuliwa mara nyingi, na chembechembe za kalamu zinaonekana vizuri. Huenda ni uzee tu wa karatasi, sawa, nimeupenda huo uzee.

Ila msiingizwe mjini na bei. Nimeona watu wanatangaza "cha zamani" kwa hela za ajabu. Doubleday wa enzi hizo walikuwa wanaandika wazi kwenye ukurasa wa hakimiliki kwamba hili ni toleo la kwanza, kama hayo maneno hayapo basi usilipe bei ya toleo la kwanza. Na kitabu cha maktaba chenye mihuri kwa wakusanyaji hakina thamani, kwa hiyo kama unamnunulia mtoto tafuta chenye mihuri makusudi, ndo bei chee. Muulize muuzaji apige picha ya kila ukurasa, au angalau ahesabu. Mimi sikuuliza. Nyota nne na nusu kwa kitabu, ile nusu nimeikata kwa ajili ya Andromeda. Muuzaji simpi nyota, hela yangu nusu ilirudi, tumemalizana.

Zile kurasa za Theseus nilizobandika kwa gundi ya shule zilibanduka wiki iliyopita. Nikasema nizibandike upya, huyu mkubwa akakataa katakata, akazificha mwenyewe hata sijui wapi. Kumbe amezoea kulijaza lile pengo kwa kichwa chake, kila usiku Theseus anaingia mle ndani na kinachotokea ni kingine. Jana Minotaur hakuuawa, alitoka kwa mlango wa nyuma, akapanda meli, na mara ya mwisho kuonekana alikuwa stendi ya Muheza ananunua machungwa.